Al-Khwarizmi na shamba la pembetatu

Ndugu Waislamu, leo Ijumaa tumkumbuke Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa karibu na mwaka 780 Miladia, na nisba yake yaonyesha asili ya Khwarizm, kusini mwa Bahari ya Aral. Alihudumu Baghdad katika Baytul-Hikma, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala mwaka 813 hadi 833.

Aliandika juu ya nyota, ramani na tarakimu za Kihindi, lakini kitabu kilichomtangaza ni kile cha al-jabr, ambacho kwacho dunia ilipata neno aljebra. Katika utangulizi wake alieleza kuwa alikikusudia kwa mahitaji ya watu: mirathi, wasia, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji.

Humo mna suala la shamba la pembetatu. Pande mbili zina dhiraa 10 kila moja, kitako dhiraa 12. Ukiuweka ndani yake mraba unaokalia kitako na kuzigusa pande zile mbili, upande wa mraba huo utakuwa na urefu gani? Sheikh alianza na eneo zima. Nusu ya kitako ni 6, upande wa mshazari ni 10, basi kimo ni 8, na eneo ni 48. Kisha akalikata shamba vipande vinne: mraba, pembetatu mbili za ubavuni na moja ndogo ya juu. Vipande vyote vikijumlishwa havina budi kurudi 48. Akapata upande wa mraba kuwa dhiraa 4 na sehemu nne za tano. Ukitaka kuhakiki, mraba una 23.04, pembetatu za ubavuni kwa pamoja 17.28, ya juu 7.68.

Mtu atauliza, haya yanatuhusu nini? Chukua shamba la warithi kwetu Ushirombo, lililokatwa mshazari na barabara ya Kahama kwenda Nyakanazi: pande mbili mita 100 kila moja, kitako mita 120. Mpimaji wa haraka huzidisha nusu ya kitako kwa ule upande wa mshazari, akatangaza mita za mraba 6,000. Ukweli ni 4,800. Mjane mwenye watoto, ambaye haki yake ni thumni, yaani 600, atakatiwa 750. Wana nao watakatiwa kwa kipimo hicho hicho, na wa mwisho kupimiwa (aghalabu binti aliyeolewa mbali) ataikuta ardhi imekwisha. Mita 1,200 zilikuwa hewa. Dhuluma imeingia bila mtu kuikusudia. Shamba likiwa mstatili ulioungana na pembetatu, kanuni haibadiliki: likate, pima kila kipande kwa kimo chake, jumlisha.

Al-Khwarizmi alifariki karibu na mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester, akiwa Segovia, alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini, nako Ulaya kikasomwa kwa karne nyingi. Hata hivyo tafsiri hiyo ilichukua milango ya milinganyo tu. Mlango wa wasia na mirathi, ambao ni karibu nusu ya kitabu, ulibaki katika Kiarabu hadi Frederic Rosen alipokichapa kizima mjini London mwaka 1831.