Dkt Steury: Daktari wa Tenwek aliyejua mtu mmoja hatoshi

WAZEE wa Bomet wanapoizungumzia Hospitali ya Tenwek, hawakosi kumtaja Mosonik. Hilo ndilo jina ambalo Wakipsigis walimpa Dkt Ernest Steury, Mmarekani aliyewasili miongoni mwao mwaka wa 1959 na kuwahudumia kwa zaidi ya miaka 30.

Steury alilelewa katika familia ya wakulima jimboni Indiana, Marekani. Baada ya kuhitimu udaktari, yeye na mkewe, Sue, walijiunga na shirika la kimishenari la World Gospel Mission na kufunga safari ya kuja Kenya.

Shirika hilo lilikuwa limeanzisha zahanati Tenwek mwaka wa 1937, karibu na maporomoko ya Mto Nyangores. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 mzigo wote uliwaangukia wauguzi. Wao ndio waliozalisha akina mama, wakatibu malaria na kufunga majeraha, bila daktari wa kudumu wa kuwapokea wagonjwa waliowashinda.

Wakati huo Bomet ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho. Huko juu kwenye majani chai, makampuni makubwa yalikuwa na huduma za matibabu kwa wafanyakazi wao. Lakini mkulima wa kawaida, awe wa Kimulot au wa nyanda za chini kuelekea Sotik, alimtegemea jirani wa kumbeba mgonjwa wake hadi penye daktari. Mvua iliponyesha na barabara kugeuka matope, safari hiyo ilikuwa ya kufa na kupona.

Daktari huyo kijana alijikuta akifanya kila kazi. Alikuwa mpasuaji, mkunga, daktari wa watoto na msimamizi wa hospitali kwa wakati mmoja. Hakukuwa na mwenzake wa kumpa zamu, na mgonjwa wa usiku wa manane alimgongea mlango yeye yule aliyeshinda kutwa nzima kwenye chumba cha upasuaji.

Hapo ndipo lilipozuka swali lililotawala maisha yake: je, hospitali inayomtegemea mtu mmoja itadumu vipi siku mtu huyo akichoka, akiugua au akifa?

Jibu la kwanza lilitoka ng'ambo. Mwaka wa 1977, ndugu wawili wapasuaji wa Marekani, Richard na Lowell Furman, walianzisha World Medical Mission, mpango wa kuwapeleka madaktari wa kujitolea katika hospitali za mishenari kwa vipindi vifupi. Tenwek ikawa miongoni mwa hospitali zilizonufaika. Madaktari hao walikuja bila mshahara. Walishika zamu, wakafanya upasuaji na kuacha ujuzi wao kwa wenyeji.

Mashirika yayo hayo ya kujitolea yalisaidia kutimiza ndoto nyingine ya Steury. Kwa miaka mingi hospitali ilitegemea jenereta zilizokula mafuta ya bei ghali, ilhali maji ya Nyangores yakiporomoka hatua chache kutoka wodini. Mnamo 1987 mtambo wa kuzalisha umeme kwa nguvu za maji ulianza kazi, na taa za chumba cha upasuaji zikapata chanzo cha kutegemewa. Mwaka uo huo Tenwek ilifungua chuo cha kuwafunza wauguzi.

Hata hivyo, vitanda havikupungua wagonjwa. Mtoto aliyetibiwa kuhara alirudi nyumbani kunywa maji ya mto ule ule, na baada ya wiki chache akaletwa tena. Surua na pepopunda ya watoto wachanga ziliendelea kuua, ingawa chanjo zilikuwapo.

Kwa hivyo, mnamo 1983 Tenwek ilianzisha mpango wa afya ya jamii. Vijiji viliwachagua watu wao wenyewe, wengi wakiwa wakulima wa kawaida, nao wakafunzwa na kurudi kuwahudumia majirani bila malipo. Walihimiza uchimbaji wa vyoo na uchemshaji wa maji, wakahifadhi chemchemi na kuwashawishi akina mama wapeleke watoto kuchanjwa. Kazi yao haikuonekana kama upasuaji, kwani aliyeokolewa nao hakufika hospitalini kamwe.

Dkt Steury aliaga dunia mwaka wa 2002. Zahanati aliyoikuta imekuwa hospitali ya rufaa yenye vitanda zaidi ya 300, ambamo madaktari Waafrika hufunzwa upasuaji. Swali lake, basi, lilipata jibu: daktari ameondoka, hospitali imebaki.

Lakini kuna deni linalostahili kukumbukwa. Daktari wa kujitolea kutoka ng'ambo alirudi kwenye kazi yake yenye mshahara. Mwanakijiji aliyeacha shamba lake kutembelea nyumba za wenzake hakuwa na mshahara wa kurudia. Ilikuwa hadi mwaka wa 2023 ambapo serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wenye vifaa na marupurupu.

Mosonik ana jina lake katika historia ya Bomet. Hao wengine, waliotembea vijijini kwa miguu miaka hiyo yote, majina yao yanajulikana na majirani tu. Bila wao, kazi aliyoianza ingeishia kwenye lango la hospitali.