Paul Robeson: Mlango Uliofunguliwa na Mpira

Jina la Paul Robeson linapotajwa, wengi hukumbuka sauti nzito ya mwimbaji, na wasomi wa tamthilia hukumbuka Othello. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mchezaji wa chuo aliyevuma Marekani nzima, na kwamba sifa hiyo ya uwanjani ilimfuata alipoanza kutafuta riziki, ikamfaa hapa na kumtupa kule.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton katika jimbo la New Jersey. Babake alikuwa amezaliwa mtumwa North Carolina, akatoroka, akasoma na hatimaye akawa mchungaji wa kanisa. Mamake alifariki mwaka wa 1904 kwa kuungua moto, Paul akiwa bado hajatimiza miaka sita. Mzee huyo aliwalea wanawe kwa nidhamu kali ya kitabu, na mwaka wa 1915 Paul alishinda mtihani uliompa ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Rutgers. Alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu katika historia ya chuo hicho, na wakati alipofika hakuwa na mwenzake wa rangi yake.

Alipojitokeza kwenye mazoezi ya kandanda ya Kimarekani, mchezo wa mieleka na mbio ambao ni jamaa wa karibu wa raga, wachezaji wenzake walimvamia. Walimvunja pua na kumtegua bega. Aliporejea baada ya kupona, mmoja wao alimkanyaga mkono kwa kiatu chenye njumu hadi kucha zikang'oka. Kwa masimulizi yake mwenyewe ya miaka ya baadaye, hasira zilimpanda akamwinua juu mpinzani mmoja ili ambwage chini, na hapo ndipo kocha alipopaza sauti kwamba amekwisha kuingia timuni. Yaani mahojiano yake ya kwanza ya kazi, tukiruhusu tashbihi hiyo, yalifanyika matopeni.

Hata baada ya kukubaliwa, nafasi yake haikuwa na uhakika. Mwaka wa 1916 chuo cha Washington and Lee kutoka Kusini kilikataa kucheza dhidi ya mtu mweusi, na Rutgers ikamkalisha nje. Lakini mwaka wa 1917 na tena 1918 alitajwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa vyuo vya Marekani. Alicheza pia mpira wa vikapu na besiboli, na akashiriki riadha. Darasani hakuzembea: alichaguliwa kuingia katika chama cha heshima cha wanafunzi bora, Phi Beta Kappa, na mwaka wa 1919 ndiye aliyetoa hotuba ya kuwaaga wenzake katika mahafali.

Faida ya wazi zaidi ya mpira ilikuwa ya fedha. Robeson alijiunga na masomo ya sheria, akayamalizia katika Chuo Kikuu cha Columbia, na katika misimu ya 1921 na 1922 alichezea timu za kulipwa, kwanza Akron kisha Milwaukee. Siku za wiki alikuwa na vitabu vya sheria. Mwisho wa wiki alikuwa garimoshini akielekea mechini. Kwa kijana ambaye babake alikuwa amefariki mwaka wa 1918, na ambaye sasa alikuwa na mke, Eslanda, ujira huo haukuwa wa anasa.

Faida ya pili ilikuwa ya kujulikana. Alipohitimu mwaka wa 1923, aliajiriwa na kampuni ya mawakili jijini New York iliyokuwa na mkuu aliyesoma Rutgers. Hapa ndipo penye kiini cha kisa chake. Udugu wa chuo ulimwingiza ofisini, ila haukuweza kumweka humo. Karani mmoja mzungu alikataa kuandika maneno aliyoimliwa na mtu mweusi. Mkuu wake, ambaye hakumchukia, alimweleza kwamba hata wateja wazungu wasingetaka awatetee mahakamani. Robeson akajiuzulu. Umati uliomshangilia uwanjani haukumaanisha kwamba ungempa kesi zake.

Akageukia jukwaa. Mwaka wa 1924 aliigiza katika tamthilia za Eugene O'Neill, na mwaka wa 1925 yeye na mpiga piano Lawrence Brown walifanya tamasha la nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi lililomjengea jina jipya. Si ajabu kwamba mwili uliojengwa na mpira ulimfaa mbele ya hadhira. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kimo kilitosha. Kimo hakiimbi.

Alipokuwa London katika miaka ya thelathini alisomea lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, katika chuo ambacho leo ni SOAS. Katika filamu ya Sanders of the River, iliyotolewa mwaka wa 1935, alishiriki pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye alikuwa na nafasi ndogo. Robeson alitarajia filamu ionyeshe heshima ya utamaduni wa Kiafrika. Ilipokamilika ikawa inausifu ukoloni, naye akaikana.

Othello yake ya Broadway, iliyoanza mwaka wa 1943, ilichezwa mara 296. Kisha siasa zikamkaba. Kwa msimamo wake wa kutetea haki za weusi na urafiki wake na Umoja wa Kisovieti, serikali ilimnyang'anya pasipoti mwaka wa 1950, na hakuirudishiwa hadi 1958. Kumbi zilimfungia milango. Hata uwanja ulimsahau kwa makusudi: kitabu cha kumbukumbu za mpira wa vyuo kilichotoka mwaka wa 1950 kiliorodhesha kikosi bora cha 1918 kikiwa na wachezaji kumi, ilhali timu huwa na kumi na mmoja.

Robeson alifariki mjini Philadelphia tarehe 23 Januari 1976. Jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la mpira wa vyuo mwaka wa 1995.