Jenerali Guy Fort na Waislamu wa Ziwa Lanao

Wengi wetu tulilisikia jina la Marawi mwaka 2017, pale vita vya miezi mitano vilipougeuza kifusi sehemu kubwa ya mji huo. Zamani mji huo ukiitwa Dansalan. Uko kando ya ziwa Lanao, kisiwani Mindanao, kusini mwa Ufilipino, na wenyeji wake, Wamaranao, ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama walivyo wengi wa huku kwetu visiwani. Hapo ndipo alipouawa, Novemba 1942, mtu ambaye leo tunataka kumweleza, ingawa hakuwa Muislamu.

Guy Fort alizaliwa Marekani mwaka 1879. Alifika Ufilipino akiwa askari mpanda farasi, wakati nchi yake ikiitwaa nchi hiyo kwa nguvu, na mwaka 1904 akaingia katika kikosi cha polisi wa kikoloni. Tusifiche jambo hapa. Utawala alioutumikia ndio uliowaua mamia ya Waislamu, wanawake na watoto wakiwemo, katika mlima wa Bud Dajo kisiwani Jolo mwaka 1906. Lakini Fort hakurudi kwao. Alikaa miaka mingi miongoni mwa watu wa Mindanao, akawajua na wao wakamjua.

Wajapani walipoivamia Ufilipino Disemba 1941 alikuwa na miaka 62. Alikabidhiwa Divisheni ya 81 ya jeshi la Ufilipino. Askari wake wengi walikuwa vijana wa Kikristo kutoka visiwa vya katikati, wakulima walioitwa jeshini juzi tu. Mizinga hawakuwa nayo, hata wale waliofunzwa kuwa wapiga mizinga walipigana kwa bunduki kama wenzao. Januari 1942 walihamishiwa Lanao, na huko Fort akawaomba Wamaranao wajiunge na ulinzi. Wakaundiwa vikosi vya panga, kwa sababu bunduki za kuwapa hazikuwepo. Waislamu na Wakristo wa nchi ile walikuwa hawaaminiani kwa karne nyingi. Sasa wakasimama upande mmoja.

Wajapani walishuka pwani ya Mindanao mwishoni mwa Aprili. Mwezi wa Mei amri ikatoka juu kwamba majeshi yote yasalimu amri. Fort alisita. Alikuwa tayari kuendelea kupigana milimani, lakini mwishowe alitii. Askari wake wengi wa Kifilipino hawakutii pamoja naye. Waliyeyuka vijijini na silaha zao. Wamaranao nao hawakusalimu amri kabisa.

Waliokamatwa walilipa. Tarehe 4 Julai wafungwa walitembezwa kwa miguu kutoka Dansalan hadi Iligan, zaidi ya kilomita 30 za jua kali bila maji. Wamarekani walifungwa kwa waya mmoja na mwenzake, na walioanguka njiani walipigwa risasi.

Kisha ikaja Tamparan, kijiji cha kandokando ya ziwa. Tarehe 12 Septemba 1942 kikosi cha Wajapani kilikwenda huko kuwaadhibu wanakijiji, na Wamaranao wakakizingira kwa mapanga na bunduki chache. Karibu kikosi chote kiliteketea.

Wajapani wakamkumbuka mfungwa wao mzee. Walimrudisha Dansalan na kumtaka awaambie Waislamu waweke silaha chini. Kwa maoni yetu ombi lile lilikuwa na njia rahisi ya kutokea. Yeye mwenyewe alikwisha kusalimu amri, na maneno machache tu yangemwokoa. Alikataa. Walimsimamisha mbele ya bunduki, akiwa na miaka 63.

Baada ya vita afisa wa Kijapani aliyehusika alishitakiwa, akanyongwa. Wamaranao walikuwa wameendelea kupigana kuzunguka ziwa lao mpaka mwaka 1945.