Adolphe Quetelet: Hakuwa daktari, lakini ndiye aliyetuachia hesabu ya BMI

Ukipimwa uzito na urefu kisha ukaambiwa BMI yako ni ngapi, hesabu hiyo ina mwenyewe. Alifariki mwaka 1874.

Jina lake ni Adolphe Quetelet. Wala hakuwa daktari, alikuwa mtu wa hesabu na nyota.

Alizaliwa Februari 22, 1796 mjini Ghent, Ubelgiji ya leo. Alifiwa na baba akiwa na miaka 7. Akaanza kufundisha hesabu angali kijana, na mwaka 1819 akapata shahada ya uzamivu ya hisabati.

Mwaka 1823 alikwenda Paris kujifunza kazi za kituo cha kutazama nyota. Wataalamu wa nyota hupima kitu kimoja mara nyingi, kisha hutafuta wastani. Quetelet akaihamishia mbinu hiyo kwa binadamu.

Alikusanya vipimo vya watu kuanzia vichanga hadi wazee, na mwaka 1835 akatoa kitabu kuhusu mtu wa wastani. Aligundua kwamba kwa watu wazima, uzito unaendana na urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Ndiyo maana BMI ni kilo zako ukigawanya kwa urefu wako wa mita, mara mbili.

Lakini kuna jambo wengi hulisahau. Quetelet mwenyewe aliona kuwa kwa mtoto anayekua, hesabu hiyo haikai sawasawa. Mwili wa mtoto hubadilika kila mwaka.

Alifariki Brussels Februari 17, 1874. Kipimo chake hakikuwa cha kumwambia mtu kanenepa. Jina la BMI lenyewe lilikuja mwaka 1972, Mmarekani Ancel Keys alipokitumia kuchunguza unene wa wanaume watu wazima.

Kwa nini hili linamhusu mzazi?

Kwa mtu mzima, BMI ya 18.5 hadi 24.9 ni ya kawaida. Sasa chukua mvulana wa miaka 10 mwenye urefu wa mita 1.40 na kilo 43. BMI yake ni 22. Kwa viwango vya wakubwa yuko salama kabisa. Kumbe kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, WHO, vya umri wake, tayari ana unene uliopitiliza.

Kinyume chake, mtoto wa miaka 5 mwenye BMI ya 15 anaonekana kakonda sana ukimpima kwa viwango vya wakubwa. Kwa umri wake, yuko sawa tu.

Ndiyo maana kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19, BMI husomwa kwenye chati ya umri na jinsia. Kwa hiyo kabla hujampunguzia mwanao chakula au kumlazimisha kula zaidi kwa sababu ya namba uliyoipata kwenye simu, hakikisha imesomwa kwa umri wake. Ukiwa na shaka, mpeleke kwa mhudumu wa afya.