Kijana wa Banda la Kuni: Maisha ya Charles Martin Hall

Likizo iliyopita niliharibu kava la injini la pikipiki ya kaka yangu. Bro ni bodaboda, kijiwe chake kiko karibu na bahari, na upepo wa chumvi ulikuwa umelivalisha lile kava unga mweupe na vishimo vidogo vidogo. Akaniomba nilisafishe, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma kemia pale nyumbani. Nami, kwa kujiamini kwa mtu wa mwaka wa tatu, nikachukua kostiki soda iliyobaki kwenye shughuli ya mama ya kutengeneza sabuni, nikaikoroga kwenye ndoo ya maji, nikalitumbukiza kava. Likaanza kutokota lenyewe bila moto. Nilipolitoa lilikuwa jeusi, na ukingo wake umelika kiasi kwamba likifungwa oili inavuja. Kaka hakunigombeza. Alipoteza siku mbili za kazi akitafuta kava jingine la mtumba, na siku mbili za bodaboda ni hesabu ya bosi, ni chakula, ni ada ya mtoto.

Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka maktaba, si mtihani. Nilitaka kujua alumini ni kitu gani hasa. Huko ndiko nilikokutana na maisha ya Charles Martin Hall, na nikashangaa kwamba tumefundishwa mlinganyo wake tangu sekondari bila kuambiwa kwamba alikuwa mwanafunzi kama sisi.

Hall alizaliwa tarehe 6 Desemba 1863 huko Thompson, jimbo la Ohio, Marekani. Baba yake, Heman Hall, alikuwa mchungaji, na kabla ya Charles kuzaliwa yeye na mkewe Sophronia walikuwa wamefanya kazi ya umisionari Jamaica. Mwaka 1873 familia ilihamia mji mdogo wa Oberlin, hasa kwa sababu ya chuo kilichokuwa pale. Oberlin hakikuwa chuo cha kawaida. Kilikuwa kimeanza kupokea wanafunzi weusi tangu mwaka 1835, na wanawake mwaka 1837, wakati vyuo vingi vya nchi ile vilikuwa havitaki hata kusikia habari hiyo. Kwa mlango huo huo dada yake Charles, Julia, alisoma chuoni na kuhitimu mwaka 1881. Weka jina la Julia akilini, tutalirudia.

Charles alipata mapenzi ya kemia kabla ya kuingia darasani. Nyumbani kulikuwa na kitabu kikuukuu cha kemia ambacho baba yake alikisoma chuoni, na mtoto akakisoma mpaka kikamkolea. Mwaka 1880 akaingia chuo. Huko akakutana na mtu aliyebadilisha maisha yake, Profesa Frank Fanning Jewett. Jewett alikuwa amesoma Ujerumani na kufundisha Japani. Akiwa Ujerumani alimfahamu Friedrich Wöhler, mmoja wa wanasayansi wa kwanza kabisa kuitenga alumini, na akarudi na kipande cha chuma hicho. Siku moja alikionyesha darasani na kuwaeleza wanafunzi kwamba mtu atakayepata njia rahisi ya kukizalisha atakuwa ameusaidia ulimwengu na atatajirika. Wanafunzi wengi waliandika notsi wakaenda kula. Hall aliamua kwamba mtu huyo ni yeye.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana leo sufuria ya alumini iko kila jiko na ni vigumu kuelewa walichokuwa wanakitafuta. Alumini ni metali iliyo nyingi kuliko zote katika gamba la dunia. Imo kwenye udongo wa mfinyanzi unaoukanyaga ukitoka hosteli kwenda kwenye lekcha. Shida ni kwamba haikai peke yake. Inaishika oksijeni kwa nguvu ya ajabu, na kuzitenganisha si mchezo. Kwa njia za wakati ule, zilizotumia sodiamu ambayo nayo ilikuwa ghali, bei ya alumini ilikaribiana na ya fedha. Mwaka 1884, Wamarekani walipomaliza mnara wa kumkumbuka Washington, waliweka kileleni kipande cha alumini cha kilo zisizofika tatu kama kito cha thamani. Umeme ungeweza kufanya kazi hiyo, lakini umeme unataka kitu kilichoyeyuka, na alumina, yaani oksaidi ya alumini, huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi. Nani ana tanuri la kufikia hapo?

Hall alihitimu mwaka 1885. Mwaka huo huo mama yao alifariki. Kijana hakutafuta ajira. Alijenga maabara kwenye banda la kuni nyuma ya nyumba yao, akaunda tanuri la kutumia petroli, akatengeneza betri zake mwenyewe na nyingine akaazima kwa Jewett. Kwa lugha ya mtaani kwetu, alikuwa graduate asiye na kazi anayechezea moto uani kwa baba yake. Julia, aliyekuwa amesoma kemia na sasa ndiye aliyeiendesha nyumba, alikuwa akifuatilia majaribio hayo hatua kwa hatua na kuyakumbuka kwa tarehe.

Wazo lililofanya kazi lilikuwa hili. Badala ya kuyeyusha alumina yenyewe, tafuta madini yanayoyeyuka kwa joto dogo zaidi, kisha iyeyushe alumina humo kama unavyoyeyusha sukari kwenye chai ya moto. Baada ya kujaribu chumvi mbalimbali akaijaribu kraiolaiti, na mwezi Februari 1886 akaona alumina inayeyuka ndani yake kwenye joto la nyuzi kama 1,000. Akapitisha umeme. Kilichotoka hakikuwa alumini, ni ukoko wa kijivu. Wengi wetu hapo tungefunga daftari. Hall akafikiri: chungu changu ni cha udongo, na udongo una silika, huenda kraiolaiti inakila chungu chenyewe na umeme unaleta silikoni. Akakitandika chungu kaboni kwa ndani, akarudia. Tarehe 23 Februari 1886, mchuro ulipopoa na kuvunjwa, ndani yake kulikuwa na vipunje vidogo vya rangi ya fedha. Akavichukua mkononi, akaenda navyo kwa Jewett. Alikuwa na miaka 22. Na mimi nina miaka 22, na wiki hiyo niliposoma habari hii nilikuwa nadaiwa kava.

Kumbe ng'ambo ya bahari, Ufaransa, kijana mwingine aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1863, Paul Héroult, alikuwa amefika mahali pale pale kwa njia yake. Hawakufahamiana. Héroult aliomba hataza Ufaransa tarehe 23 Aprili 1886, Hall akaomba Marekani tarehe 9 Julai. Kwa tarehe za maombi Hall alikuwa nyuma. Lakini sheria ya Marekani ya wakati ule ilimtambua aliyetangulia kugundua, na siyo aliyetangulia kuandikisha, kwa hiyo swali likawa: nani ataithibitisha siku ile ya Februari? Ushahidi ukatoka nyumbani. Barua aliyomwandikia kaka yake George ilikuwepo. Jewett alieleza alichokiona. Na Julia akaandika na kutoa maelezo yenye mpangilio wa tarehe na hatua, maelezo ya mtu aliyeelewa kinachofanyika, siyo ya mpita njia. Hall akashinda. Hataza ilitolewa tarehe 2 Aprili 1889 kwa jina lake peke yake. Jina la Julia halimo. Wanahistoria bado wanabishana mchango wake kwenye kemia yenyewe ulikuwa mkubwa kiasi gani, lakini kwamba bila kumbukumbu zake kesi ingekuwa ngumu, hilo mimi silitilii shaka.

Ushindi wa hataza haukuwa chakula. Hall alikwenda kufanya kazi kwenye kampuni ya akina Cowles huko Lockport, New York, akitarajia wangeiendeleza njia yake. Baada ya takriban mwaka mmoja waliachana. Mwaka 1888 akafika Pittsburgh, akampata Alfred Hunt, mtu aliyejua metali na aliyejua wenye mitaji, wakaanzisha kampuni ndogo. Kijana mwingine, Arthur Vining Davis, akawa msaidizi wake, wakipokezana zamu za usiku na mchana kulinda vyungu visizime. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameanza kutoa alumini ya kuuza. Cowles nao wakaingia kwenye uzalishaji kwa njia ile ile, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1893 jaji William Howard Taft, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, akaamua kwa upande wa Hall. Kufikia miaka hiyo bei ya alumini ilikuwa imeshuka chini ya dola moja kwa ratili. Kampuni ikahamia kwenye umeme wa maporomoko ya Niagara, na mwaka 1907 ikajiita Aluminum Company of America.

Matokeo yake yalikwenda mbali. Ndugu wawili Wright waliporuka mwaka 1903, bloku ya injini yao ilikuwa ya alumini ili iwe nyepesi. Kwa sababu hiyo hiyo makava, vichwa vya silinda na rimu nyingi za pikipiki zikaja kuwa za alumini. Kila bodaboda anayekupeleka chuo umechelewa kipindi anabeba kilo kadhaa za kazi ya banda lile.

Sasa turudi kwenye kava la kaka, maana maisha ya Hall ndiyo yaliyonionyesha nilipokosea. Alumini ikiguswa na hewa tu inajivika tena oksaidi, ngozi nyembamba ya sehemu chache za milioni ya milimita. Ngozi hiyo inailinda, ndiyo maana sufuria haiozi kama bati. Chumvi ya bahari huitoboa ngozi hiyo, maji yanaingia, na unga mweupe unaota. Kwa maneno mengine, kile ambacho Hall alikitoa kwa moto na umeme kinarudi polepole kilikotoka. Kostiki soda haichagui. Inaila ngozi, kisha inaendelea kuila metali yenyewe huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayoweza kushika moto, na weusi unaobaki ni metali nyingine zilizochanganywa humo. Ningefuata utaratibu huu, kava lingepona:

Kwanza, lifungue, lioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yote yatoke, na kama lina rangi au vanishi juu iondoe kwanza. Pili, unga wa juu ulainishe kwa siki au ndimu kwa dakika chache, kisha suuza vizuri. Tatu, tumia msasa wa maji, ukianza na namba 240 au 320 mahali penye vishimo, kisha 400, 800, mpaka 1200, kila namba ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Usiguse uso unaokutana na gasketi. Usitumie stilwaya wala brashi la waya wa chuma, maana vipande vyake vinanasa ndani na kuanzisha uozo mpya. Nne, malizia na dawa ya kung'arishia metali na kitambaa laini, kisha paka nta, kwa sababu metali iliyo wazi karibu na bahari itarudi kuwa nyeupe. Vishimo virefu sana viache. Ukivifukuzia utatoboa kava. Na ujue kwamba punje za misasa mingi ni oksaidi ya alumini yenyewe, kitu kigumu ambacho kikiwa safi na chenye rangi tunakiita yakuti.

Hall hakuoa. Alipenda piano na alikusanya mazulia ya Mashariki. Mwaka 1911 alipewa nishani ya Perkin, heshima kubwa ya wanakemia wa viwandani. Alifariki tarehe 27 Desemba 1914 huko Daytona, Florida, kwa ugonjwa wa damu, akiwa na miaka 51. Héroult alikuwa ametangulia mwezi Mei mwaka huo huo, naye akiwa na miaka 51. Sehemu kubwa ya utajiri wake Hall aliiachia elimu, na Oberlin kikapata fungu nono pamoja na fedha za ukumbi wa kumkumbuka mama yake. Pale chuoni ipo sanamu yake ya ujana, imetengenezwa kwa alumini.

Ninaandika haya kama mwalimu mtarajiwa. Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza kwa nini rimu za pikipiki zinaota unga mweupe ilhali nimemwambia alumini haishiki kutu. Nilimjibu kwamba hilo halimo kwenye silabasi. Darasa likacheka, akakaa chini, na kwa wiki zote zilizobaki hakunyoosha mkono tena. Jewett alikuwa na kipande kimoja tu cha metali, na alikitoa mfukoni akakionyesha. Mimi nilikuwa na pikipiki ya mkuu wa shule imeegeshwa nje ya dirisha, rimu zake nyeupe kabisa, na sikuwatoa nje kwenda kuiona.

Kava lililoharibika nimelihifadhi. Kaka alitaka kuliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na si wazo baya, kwa kuwa kuyeyusha alumini iliyotumika kunahitaji takriban asilimia tano tu ya nishati ya kuitengeneza upya. Lakini nimemwomba aniachie. Mwakani, nikipangiwa shule, nitaingia nalo darasani.