Mary Ainsworth: Profesa aliyefunzwa na akina mama wa Uganda

KATIKA nyanda za juu za Kericho na Bomet, majani chai hayamsubiri mtu. Kuanzia Litein na Kapkatet hadi Mogogosiek na Kapkoros, mvua ikinyesha machipukizi huchomoza, na mama aliyejifungua miezi michache iliyopita hulazimika kurudi shambani na kikapu mgongoni hata kabla umande haujakauka. Swali linalomkabili kila alfajiri ni moja: mtoto atabaki na nani, na je, kuachwa huko kutamdhuru?

Swali hilo si geni, wala si la Wakipsigis peke yao. Kati ya mwaka wa 1954 na 1955, ng'ambo ya Ziwa Victoria, lilimshughulisha mwanamke mmoja Mzungu aliyezizuru nyumba za wakulima wa Buganda akiwa na daftari na kalamu. Jina lake lilikuwa Mary Ainsworth. Hivi leo ni vigumu kupata kitabu cha saikolojia ya watoto kisichomtaja. Hata hivyo, ni wachache wanaojua kwamba utafiti uliomjenga ulifanyika Afrika Mashariki, na kwamba waliomfungua macho ni akina mama walioshinda wakilima migomba.

Alizaliwa Desemba 1, 1913 mjini Glendale katika jimbo la Ohio, Marekani, na kupewa jina la Mary Dinsmore Salter. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya mabinti watatu. Akiwa angali mdogo, kazi ya babake iliihamishia familia hiyo Toronto, Kanada. Wazazi wake walithamini masomo na nyumba yao haikukosa vitabu. Lakini mapenzi ya mtoto huyo yalielemea kwa babake zaidi ya mamake, jambo ambalo huenda lilimtia hamu ya kujua jinsi upendo unavyojengeka kati ya mtoto na mlezi.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 alisoma kitabu cha mwanasaikolojia William McDougall kuhusu tabia na mwenendo wa binadamu. Hapo ndipo ilipomjia fikira kwamba mtu anaweza kujitazama ndani mwake akapata sababu za matendo yake. Mwaka uliofuata alijiunga na Chuo Kikuu cha Toronto, na kufikia mwaka wa 1939 alikuwa amehitimu shahada ya uzamifu. Mwalimu wake, William Blatz, alifundisha kwamba mtoto anayewaamini wazazi wake ndiye hupata ujasiri wa kuondoka kando yao na kuivumbua dunia. Fundisho hilo lilimkaa Mary moyoni maisha yake yote.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la Kanada mnamo 1942, akapanda hadi cheo cha meja. Baada ya vita alirejea chuoni kufundisha. Mwaka wa 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, mwanafunzi wa saikolojia, nao wakahamia London ambako Leonard alikuwa akikamilisha masomo yake.

Akiwa London bila kazi, tangazo la gazeti lilimfikisha katika Kliniki ya Tavistock, kwa daktari John Bowlby. Wakati huo Bowlby alikuwa akichunguza athari za kumtenganisha mtoto mdogo na mamake, na ripoti aliyoliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1951 ilizua mjadala mkubwa. Mwenzake, James Robertson, alikuwa akiketi hospitalini na kuandika kwa makini jinsi watoto waliolazwa walivyolia, walivyokata tamaa na hatimaye walivyowanyamazia wazazi wao walipokuja kuwachukua. Mary alivutiwa mno na maandishi hayo. Aliazimia kwamba siku moja naye angewatazama watoto kwa njia hiyo hiyo, ila wakiwa nyumbani kwao.

Fursa hiyo ilijitokeza mahali ambapo hakupatarajia. Mwaka wa 1954 Leonard alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere, mjini Kampala. Mary alimfuata mumewe bila ajira wala pesa za utafiti. Mkurugenzi wa taasisi hiyo, mwanaanthropolojia Audrey Richards, ndiye aliyemsaidia kupata fedha.

Alizichagua familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji sita karibu na Kampala. Kila baada ya majuma mawili, kwa muda wa hadi miezi tisa, alizuru kila nyumba kwa takriban saa mbili. Alikwenda alasiri, wakati akina mama walipokuwa wametoka shambani na desturi ikiwaruhusu kupokea wageni. Aliketi nao pamoja na mkalimani wake, naye akajitahidi kujifunza Kiganda. Aliuliza mtoto alilalaje, alinyonya mara ngapi, nani alimbeba, na alipolia ni nani aliyemwendea. Kwa shukrani aliwasaidia kwa usafiri wa kwenda kliniki na kuwapatia maziwa ya unga.

Awali alikuwa ameambiwa kwamba Waganda humwachisha mtoto ziwa ghafla, kisha humpeleka kwa nyanyake ili amsahau mamake. Alitaka kuona madhara ya kutenganishwa huko. Alipofika vijijini alipata kwamba familia nyingi hazikuwa zikiifuata tena desturi hiyo. Mtafiti mwingine angevunjika moyo. Yeye aliliweka kando swali alilokuja nalo, akaanza kutazama yaliyokuwa mbele ya macho yake.

Aliyoyaona yalipindua mafunzo yake. Wataalamu wengi wa enzi hizo waliamini kuwa mtoto humpenda mama kwa sababu mama humpa chakula. Lakini watoto wa Buganda hawakuwa matumbo yanayosubiri kujazwa. Walimtafuta mama kwa macho, wakatambaa kumfuata, na aliporudi wakamlaki kwa furaha, baadhi yao wakipiga makofi. Mtoto aliyekuwa na imani na mamake alimwacha, akaenda kuchezea vitu uani, kisha akarudi kumgusa kabla ya kwenda tena. Mama alikuwa kituo cha salama ambapo safari ya mtoto huanzia.

Kati ya watoto hao 28, aliwahesabu 16 kuwa wenye utulivu na imani, saba kuwa wenye wasiwasi waliolia sana hata mikononi mwa mama, na watano ambao fungamano lao lilikuwa bado halijajitokeza. Ni nini kilichowatofautisha? Idadi ya watu waliomlea mtoto haikuonekana kuwa sababu. Kilichojitokeza ni kwamba mama wa mtoto mtulivu alishiriki zaidi katika malezi, alifurahia kumnyonyesha na, zaidi ya yote, alikuwa hodari wa kumweleza mgeni habari za mtoto wake. Mama wa aina hiyo alijua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, kwani alikuwa akimtazama na kumsikiliza. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Profesa huyo wa baadaye aliyapima maneno hayo nyumba hadi nyumba.

Mwaka wa 1955 wanandoa hao walihamia Baltimore, Marekani, na Mary akapata kazi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Maisha yake huko hayakuwa mteremko. Wahadhiri wa kike hawakuruhusiwa kula chakula cha mchana katika ukumbi mmoja na wanaume. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko uliolingana na umri wake, ujuzi na kazi yake, ikabidi apiganie haki hiyo. Ndoa yake ilivunjika mwaka wa 1960, pigo lililomwuma sana na kumfanya atafute tiba ya saikolojia kwa miaka kadhaa. Hakujaliwa kupata watoto, ingawa alikuwa akiwatamani. Aliyefunza ulimwengu kuhusu mama na mwana hakuwahi kuitwa mama, ila na wanafunzi wake, ambao wengi walimwona kama mzazi.

Alipopanda cheo kuwa profesa kamili mwaka wa 1963, alianzisha utafiti mwingine uliofanana na ule wa Uganda. Safari hii pia alichagua familia 26, watafiti wakizizuru kila baada ya wiki tatu kwa takriban saa nne, tangu mtoto alipozaliwa hadi alipotimiza mwaka. Lakini watoto wa Baltimore walikuwa wamezoea kuona mama akitoka na kuingia, hivyo nyumbani hawakuonyesha wazi yale aliyoyaona Buganda. Ndipo yeye na wenzake wakabuni jaribio la dakika 20 hivi: mama na mtoto huingia katika chumba kigeni chenye vichezeo, mgeni akaingia, mama akatoka kwa muda mfupi, kisha akarudi. Jinsi mtoto anavyompokea mamake ndiyo hutazamwa zaidi. Jaribio hilo limetumiwa katika nchi nyingi hadi leo.

Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilichapishwa mwaka wa 1967, miaka 12 baada ya kuondoka Kampala. Mwaka wa 1972, yeye na Silvia Bell walitangaza matokeo yaliyowashangaza wazazi wa Kimagharibi waliokuwa wakionywa wasidekeze watoto: mtoto aliyeitikiwa upesi alipolia katika miezi ya mwanzo alilia kidogo zaidi alipokaribia kutimiza mwaka. Hakika nyanya wengi wa Kericho wangeuliza ni kwa nini jambo hilo lilihitaji chuo kikuu.

Kazi ya Ainsworth haikukosa wapinzani. Baadhi walisema nadharia yake na Bowlby ilikuwa fimbo ya kuwachapia akina mama wanaotafuta riziki. Wengine walihoji iwapo jaribio lililobuniwa Baltimore linafaa mahali ambapo mtoto halelewi na mama pekee. Jibu moja lilipatikana karibu sana na mashamba ya chai, miongoni mwa Wagusii ambao ni majirani wa Wakipsigis. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1986, Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliochunguzwa walikuwa na fungamano la salama na mama, na vivyo hivyo na mtoto mkubwa aliyewalea. Fungamano na mama lilihusiana na lishe bora, nalo lile na yaya huyo mdogo likahusiana na ukuaji wa akili.

Kericho yenyewe ilikuwa imekwisha kutembelewa. Kati ya 1972 na 1975, Charles Super na Sara Harkness waliishi katika jamii ya Wakipsigis ya Kokwet. Waliona watoto wakifundishwa kuketi na kutembea, hivyo wakajua mambo hayo mapema kuliko wenzao wa Marekani. Waliwaona wachanga wakilala kando ya mama na kuamka usiku kunyonya bila yeyote kulalamika. Mchana, dada mdogo wa umri wa shule ya msingi, ambaye Wakipsigis humwita cheplakwet, ndiye aliyembeba mtoto mama akiwa kazini.

Desturi hiyo imebadilika. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka wa 2003, mahali pa dada huyo ni darasani, na ni haki yake. Pengo aliloliacha ndilo linalomsumbua mama anayechuma chai. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi wa kike likizo ya uzazi ya miezi mitatu, nayo Sheria ya Afya ya 2017 huwataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Lakini mkulima mdogo anayechuma majani ya shamba lake mwenyewe hana mwajiri wa kumpa likizo, na kibarua asiyeijua haki yake hawezi kuidai.

Ainsworth alihamia Chuo Kikuu cha Virginia katikati ya miaka ya sabini, akastaafu mwaka wa 1984 na kuendelea kuandika kwa miaka kadhaa baadaye. Mwaka wa 1998 wanasaikolojia wa Marekani walimtunuku nishani ya dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Alifariki Machi 21, 1999 huko Charlottesville, akiwa na umri wa miaka 85.

Urithi wake unampa mama wa Kericho na Bomet faraja na kuwapa wengine wajibu. Faraja ni kwamba mtoto kupitia mikono kadhaa si balaa, mradi mikono hiyo inamjua na kumwitikia. Wajibu ni wa wenye mashamba, serikali za kaunti na akina baba: mama hawezi kukisikia kilio cha mwanawe akiwa maili tatu mbali kuanzia alfajiri hadi jioni, wala hatakifahamu akirudi bila nguvu za kumsikiliza. Akina mama wa Buganda walikuwa na alasiri ya kupumzika na watoto wao. Bila alasiri hiyo, huenda profesa huyo asingeona lolote la kuandika.