Coluche, mchekeshaji aliyetaka kuwa rais wa Ufaransa

Tarehe 30 mwezi wa kumi mwaka 1980, waandishi wa habari wa Paris waliitwa kwenye ukumbi wa Gymnase, mahali ambapo Coluche alikuwa akichekesha watu jioni kwa jioni. Aliwatangazia kwamba anagombea kiti cha rais wa Jamhuri ya Ufaransa. Wengi walicheka, kwa sababu kuchekesha ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini hata majuma saba hayakupita, uchunguzi wa maoni uliotoka gazetini ulionyesha kwamba Wafaransa 16 kwa mia wako tayari kumpigia kura. Kuanzia hapo wanasiasa waliacha kucheka.

Mtu huyo alitoka wapi, na namna gani maneno ya jukwaani yaliweza kuwatia wakubwa wasiwasi?

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Michel Colucci. Alizaliwa Paris tarehe 28 mwezi wa kumi mwaka 1944. Baba yake, Honorio, alikuwa Mwitaliano aliyekuja kutafuta maisha Ufaransa, fundi wa kupaka nyumba rangi. Ugonjwa wa polio ulimuua mwaka 1947, mtoto akiwa bado mdogo sana. Mama yake, Simone, mfanyakazi wa duka la maua, alibaki na watoto wawili wa kulea peke yake. Walikaa Montrouge, mji wa watu wa kazi ulioshikamana na Paris upande wa kusini.

Shule haikumshika. Aliiacha mapema na kuanza kazi za hapa na pale: alipeleka telegramu, alijaribu ufinyanzi, alihudumia watu kwenye mikahawa, aliuza maua. Alipoitwa jeshini, alifungwa kwa kukataa kutii. Miaka ya 1960 ilipokuwa inaelekea mwisho, alikuwa kijana mwenye gitaa anayeimba kwenye mikahawa ya Paris na kupitisha kofia ili apate cha kula.

Bahati yake ilifunguka mwaka 1969. Kundi la vijana, ndani yao Romain Bouteille, Patrick Dewaere na Miou-Miou, lilifungua ukumbi mdogo wa maigizo ulioitwa Café de la Gare, katika kiwanda cha zamani kwenye kartie ya Montparnasse. Waliutengeneza kwa mikono yao wenyewe. Hata bei ya kuingia ilipigiwa bahati nasibu: mtu alilipa ile iliyomwangukia. Hapo ndipo Coluche alijifunza kuwashika watu kwa maneno. Lakini pombe ilikuwa imemshika yeye, na kuishi naye kulikuwa kugumu. Aliondoka, akaanzisha kundi lingine, nalo pia akaliacha.

Kuanzia mwaka 1974 alisimama jukwaani peke yake. Mtu mmoja na kipaza sauti kimoja, basi. Alivaa salopeti ya mistari ya buluu na nyeupe, fulana ya manjano, viatu vya manjano, na mara nyingine pua nyekundu ya bandia. Mwili ulikuwa mnene, nywele zimejikunja. Ukimtazama ungesema ni mtoto mkubwa wa kartie aliyekosea mlango.

Silaha yake ya kwanza ilikuwa lugha. Ufaransa ni nchi inayochunga Kifaransa chake: kile cha shule, cha ofisi, cha televisheni. Coluche alileta jukwaani Kifaransa cha Montrouge, chenye maneno yaliyokatwa katikati, sentensi zisizofika mwisho, pamoja na matusi. Onyesho lililomjulisha kwa nchi nzima lilikuwa la mtu anayetaka kusimulia kisa kifupi na hawezi: anaanza, anarudi nyuma, anaeleza jambo ambalo hakuna aliyeuliza, anapotea, anaanza tena. Watu walicheka hadi machozi, kwa kuwa walimtambua jirani yao, mjomba wao, na wao wenyewe. Msomaji wa Bukavu, Goma ao Lubumbashi hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua umbali uliopo kati ya Kifaransa cha barua ya ofisi na maneno ya sokoni, na anajua namna mtu mwenye akili anavyoweza kuonekana mjinga mbele ya dirisha la ofisi kwa sababu tu hana maneno yanayotakiwa.

Baada ya kuwachekesha watu juu ya lugha yao wenyewe, Coluche aligeukia lugha ya wakubwa. Alichukua tangazo la sabuni ya unga inayodai kufanya nguo nyeupe iwe nyeupe kupita weupe, akaanza kutafuta kwa uzito wote rangi hiyo inaitwaje. Alichukua mchezo wa televisheni ambamo watu wa vijijini walikuwa wanauliza maswali ili watambue kitu kilichofichwa, akaonyesha namna mtangazaji anavyowadharau huku akiwatabasamia. Aliigiza polisi, waandishi wa habari na wanasiasa wanaojibu kila swali bila kusema lolote. Mbinu yake ilikuwa nyepesi: alisikiliza maneno yao kama mtu anayeamini kila neno, na ndipo uongo ulipoonekana wenyewe.

Njia hiyo ilikuwa na hatari yake. Mara nyingi Coluche aliigiza mtu mwenye ubaguzi, anayesema mabaya juu ya Waarabu ao Weusi, ili ujinga wake uonekane wazi. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mgeni, na upande wake ulijulikana. Lakini si kila aliyekaa kwenye kiti alicheka kwa sababu moja. Kuna aliyemcheka mbaguzi, na kuna aliyecheka pamoja naye. Mchekeshaji hawezi kuchagua masikio ya watu waliolipa. Hadi leo baadhi ya maonyesho hayo yanabishaniwa Ufaransa, na ni haki yabishaniwe.

Alipotangaza kwamba anagombea urais, alikuwa amekwisha kufukuzwa redioni kwa sababu ya ulimi wake. Tangazo lake liliwaita wale ambao vyama havikuwahesabu: wasio na kazi, walevi, wafungwa, wageni, vijana, na wote waliochoka kupiga kura bila kuona faida. Aliwaomba wajiandikishe kwenye meri na wampigie yeye, ili tu wakubwa waone idadi yao. Mwanzoni ulikuwa mchezo. Magazeti ya dhihaka Hara-Kiri na Charlie Hebdo yalimsukuma mbele. Kisha watu wasiofanya mchezo walimuunga mkono, kama mwanasosholojia Pierre Bourdieu na mwanafalsafa Gilles Deleuze. Walichoona wao ni hiki: ikiwa mtu wa kawaida akiingia kwenye siasa anachekwa, basi siasa imekuwa mali ya watu wachache.

Hapo mambo yaligeuka. Kulia na kushoto, vyama viliogopa kunyang'anywa kura. Redio na televisheni zilimfungia mlango. Barua za vitisho zilianza kumfikia. Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja mwaka 1980, René Gorlin, aliyesimamia kazi za jukwaa lake, aliuawa kwa risasi. Baadaye polisi waligundua kuwa yalikuwa mambo ya mapenzi, siyo siasa. Lakini katika siku hizo nani angejua? Coluche alikuwa baba wa watoto wawili wadogo, na woga uliingia nyumbani mwake. Zaidi ya hayo, sheria ya Ufaransa inamtaka mgombea awe na sahihi 500 za waliochaguliwa, wengi wao wakiwa mameya, na mameya hawakukimbilia kuweka majina yao kwa mtu wa salopeti. Mwezi wa tatu mwaka 1981 alijiondoa. Tarehe 10 mwezi wa tano, François Mitterrand alimshinda Valéry Giscard d'Estaing.

Wengine walisema mchezo umeisha. Kwa Coluche miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Ndoa yake ilivunjika na madawa ya kulevya yalimkamata. Mwaka 1983 mtengenezaji wa filamu Claude Berri alimpa nafasi ambayo hakuna aliyeitegemea: katika Tchao Pantin, Coluche ni mtu aliyevunjika moyo, mlevi, anayeuza esansi usiku kwenye stasio ya Paris. Hamna kichekesho ndani. Mwaka 1984 alipewa César, tuzo kubwa ya filamu ya Ufaransa, kama mwigizaji bora wa kiume. Watu waligundua kwamba huzuni ile ilikuwa ndani yake tangu zamani.

Juma moja la mwezi wa tisa mwaka 1985 linaonyesha Coluche mzima. Tarehe 25, alifunga ndoa ya mchezo na mchekeshaji mwenzake Thierry Le Luron huko Montmartre, kamera zikiwa nyingi, ili kudhihaki ndoa za watu maarufu zinazofanywa kwa ajili ya televisheni. Tarehe 29, huko Nardò nchini Italia, alivunja rekodi ya dunia ya mwendo wa pikipiki ya aina yake: zaidi ya kilometa 252 kwa saa. Na katikati ya hayo, tarehe 26, akiwa kwenye redio Europe 1, alitoa wazo ambalo lingebaki kuliko yote: kufungua mahali ambapo maskini wangepewa chakula bure majira ya baridi.

Wazo hilo lilitoka kwenye jambo ambalo mchekeshaji yeyote angeliona la kuchekesha, kama lisingekuwa la aibu. Nchi za Ulaya zilikuwa zimejaza maghala siagi, nyama na maziwa ya unga ambavyo wakulima walizalisha kupita kiasi. Kuvihifadhi kulikuwa kunagharimu pesa nyingi. Wakati huohuo, kwenye miji ya Ufaransa, waliopoteza kazi walikuwa wanalala njaa. Coluche alifanya alichokuwa anafanya jukwaani: alichukua maneno ya wakubwa juu ya ziada na bei, akauliza swali la mtoto, kwa nini chakula kinakaa upande huu na njaa upande ule. Tofauti ni kwamba safari hii hakungoja watu wacheke. Mwezi wa pili mwaka 1986 alikwenda mbele ya Bunge la Ulaya kuomba maghala yafunguliwe. Mwaka uliofuata, Ulaya ilianzisha mpango wa kuwapa maskini ziada hiyo.

Restos du Coeur, ndilo jina la shirika hilo, zilifungua milango mwezi wa kumi na mbili mwaka 1985. Katika majira yale ya kwanza, watu 5,000 waliojitolea waligawa vyakula milioni 8 na nusu. Waimbaji na wachezaji mpira walikuja kusaidia. Wanasiasa walewale waliomfungia mlango mwaka 1981 walikubali kuonekana naye kwenye televisheni.

Yeye hakuona majira ya pili. Tarehe 19 mwezi wa sita mwaka 1986, kwenye barabara ya Opio, kusini mwa Ufaransa, pikipiki yake iligonga kamyo. Alikuwa na miaka 41. Maneno mengi yalizuka kwamba ameuawa, lakini uchunguzi ulisema ni ajali. Alizikwa Montrouge, mji aliokulia.

Mwaka 1988 bunge la Ufaransa lilipitisha sheria inayompunguzia kodi mtu anayetoa pesa kwa mashirika ya kulisha maskini. Wafaransa wanaiita sheria ya Coluche. Kwa njia hiyo, mtu aliyezuiwa hata kufika kwenye karatasi ya kura aliacha sheria yenye jina lake, jambo ambalo marais wengi hawakulipata.

Coluche alitaka Restos ziwe za muda tu, serikali ikamate kazi yake, nazo zifungwe. Hazikufungwa. Katika mwaka wa 2022 hadi 2023 ziligawa vyakula milioni 170, mara 20 ya vile vya mwanzo. Waliojitolea wanavaa jina lake kwa heshima. Hesabu hiyo yenyewe, kwa nchi tajiri kama Ufaransa, ni dhihaka kali kuliko yote aliyowahi kuitoa jukwaani, na safari hii hakuna anayecheka.